Kando ya Kitenzi au Ndani Yake? Historia Fupi ya Vielezi vya Kiingereza kwa Sisi Tuliosoma Himo



Kamati ya maandalizi iliponiomba niandike jambo la kihistoria kwa ajili ya gazeti letu la mwaka huu, nadhani ilitazamia kwamba nitaandika habari za majengo, au za timu ya mpira, au za wakuu wa shule waliotutangulia. Mambo hayo wenzangu wamekwisha yaandika, tena kwa ufundi kunishinda. Mimi nimechagua somo moja dogo ambalo wengi wetu tulilichukia tangu kidato cha kwanza, yaani vielezi na vishazi elezi vya Kiingereza. Nawaomba msifunue ukurasa mwingine upesi. Somo hilo lina historia ndefu, na historia hiyo imepita karibu sana na mlango wetu. Kadhalika, kwa upande wangu, somo hilo liliwahi kuwachelewesha watu wasipate maji kwa mwaka mzima. Nitaanza na habari hiyo ya maji, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza maswali.

Habari ya maji

Mwaka 2009 nilikuwa afisa wa ngazi ya chini katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Kijiji kimoja cha tambarare, mahali ambapo mlima unaonekana kila asubuhi lakini maji yake hayafiki, kilikuwa kimempata mfadhili wa kununua mabomba. Sharti lilikuwa moja tu: wanakijiji watoe mchango wao kwanza, ndipo mabomba yaletwe. Mambo yetu ya ofisini tuliyaendesha kwa Kiswahili, kama ilivyoagizwa na serikali tangu mwaka 1967. Lakini mfadhili alikuwa mgeni, kwa hiyo makubaliano yaliandikwa kwa Kiingereza, na kazi ya kuandika rasimu nikapewa mimi, msomi wa Chuo Kikuu.

Niliandika hivi: "The pipes will not be delivered unless the villagers do not pay their contribution." Akilini mwangu nilikuwa nikisema, "Mabomba hayataletwa wanakijiji wasipolipa mchango wao." Kumbe kwa Kiingereza nilikuwa nimesema kinyume chake kabisa, kwamba mabomba yataletwa endapo tu wanakijiji hawatalipa! Rasimu ile ilipita mikono mitatu zaidi, ikatiwa saini na mihuri, wala hapana aliyeshtuka. Sishangai. Sote tulikuwa tumesoma shule za namna moja.

Aliyeshtuka alikuwa mwanasheria wa mfadhili. Akazirudisha karatasi zote, akisema kwamba sharti hilo linapingana na masharti mengine, na kwamba hapana budi pande zote zitie saini upya. Karatasi zikaanza safari ya kutoka meza hadi meza. Zilipokamilika, tarehe 30 Juni ilikuwa imekwisha pita, mwaka wa fedha umefungwa, na fungu la mwaka ule halipo tena. Kijiji kikaambiwa kisubiri mwaka mwingine, ilhali kilikuwa kimekwisha changa fedha zake zote.

Nilitumwa mimi kwenda kueleza. Mwenyekiti wa kijiji, mzee wa heshima, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, ni neno gani hilo lililotucheleweshea maji?" Nilimwonyesha kwa kidole maneno mawili, "do not". Mzee hakujua Kiingereza. Aliyatazama kwa kitambo, akasema, "Madogo hivi?" Hakunilaumu zaidi ya hapo. Mabomba yalifika mwaka uliofuata, lakini swali lile la mzee sikulisahau.

Nilijiuliza: mtu aliyefaulu mtihani wa kidato cha nne, akafaulu wa kidato cha sita, akapata na shahada, anawezaje kukosea jambo la namna hiyo? Je, ni uzembe tu, au kuna sababu iliyo ya zamani kuliko mimi? Nilianza kusoma vitabu vya sarufi wakati wa likizo, na haya ninayowaandikia ni matunda yake.

Jina lenyewe

Tuanze na jina. Neno "adverb" halikubuniwa na Waingereza. Wanasarufi wa Kiyunani wa zamani waliliita kundi hili la maneno "epirrhema". Warumi wakalitafsiri kwa Kilatini kuwa "adverbium", maana yake kitu kilichowekwa kando ya kitenzi. Waingereza walipoanza kuandika sarufi ya lugha yao walitumia kigezo cha Kilatini, wakarithi na jina. Kitabu kilichoeneza sana sarufi hiyo mashuleni kilikuwa cha Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia Uingereza, ambaye alikitoa mwaka 1795 kwa ajili ya shule moja ya wasichana mjini York. Kutoka huko mapokeo hayo yalisambaa katika makoloni, na baadaye yakatufikia na sisi.

Sisi kwa Kiswahili twasema kielezi, yaani neno linaloeleza. Kinaeleza jambo limetendeka lini, wapi, namna gani, kwa kiasi gani. Kishazi elezi kinafanya kazi ile ile, isipokuwa chenyewe ni kipande cha sentensi chenye kitenzi chake. Nikisema, "Nitakuja kesho," kesho ni kielezi. Nikisema, "Nitakuja mvua itakapokatika," maneno hayo mawili ya mwisho ni kishazi elezi cha wakati.

Sasa angalieni neno "itakapokatika". Wakati umekaa wapi hapo? Haukukaa kando ya kitenzi. Umekaa ndani yake, katika kipande kidogo cha -po-. Mwingereza kwa jambo lilo hilo atahitaji neno la pekee, "when", alisimamishe mbele ya kishazi kama mlinzi wa geti. Tofauti hii ndiyo kiini cha makala yangu.

Wageni mlimani

Wenzetu wa kwanza kukutana na jambo hili walikuwa wageni, wala si sisi. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akapita nchi ya Wataita, akaiona theluji ya Kilimanjaro, akapanda hadi Kilema kwa Mangi Masaki. Kilema, kama mjuavyo, iko hapo juu ya Himo. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani, na lugha ya safari ilikuwa Kiswahili.

Mwenzake Rebmann, Ludwig Krapf, ndiye aliyetoa mwaka 1850 kitabu cha maelezo ya sarufi ya Kiswahili. Krapf alikuwa Mjerumani, lakini alikiandika kwa Kiingereza kwa kuwa alitumwa na chama cha misioni cha Uingereza. Miaka 20 baadaye, yaani 1870, Edward Steere wa Unguja akatoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili, ambacho kilitumika kwa miaka mingi. Mabwana hawa walifanya kazi kubwa na twapaswa kuwashukuru. Lakini walikuja na makasha yaliyokwisha andikwa majina: nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi. Steere aliwapangia wasomaji wake vielezi, vihusishi na viunganishi vya Kiingereza katika orodha, ili kila kimoja kipewe mwenzake wa Kiswahili. Orodha ya namna hiyo humsaidia msafiri. Hata hivyo, yaweza kumfanya mtu aamini kwamba kila neno la Kiingereza lina pacha wake kwetu, jambo ambalo si kweli.

Bibi E. O. Ashton, ambaye sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1944, alilitazama jambo hili kwa jicho jipya. Alijitahidi kukieleza Kiswahili kwa taratibu za Kiswahili chenyewe, na viambishi kama -ki-, -nge- na -ngali- akavieleza kwa kirefu kama viungo vya kitenzi. La kusikitisha ni kwamba kitabu chake kiliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni wanaojifunza Kiswahili. Sisi tuliokuwa tunakwenda upande wa pili wa njia ile ile hatukuandikiwa chetu.

Na lugha ya nyumbani je? Wengi wetu tulikwenda shule tukiwa na Kivunjo kinywani. Mwaka 1990 wanaisimu Joan Bresnan na Lioba Moshi walichapisha uchunguzi kuhusu vitenzi vya lugha za Kibantu, wakitumia Kichaga kama mfano mkubwa. Mwaka 1994 Steven Pinker, katika kitabu chake The Language Instinct kinachosomwa dunia nzima, alichukua kitenzi kimoja cha Kivunjo chenye maana ya kula kitu kwa ajili ya mtu fulani, akakigawa mbele ya wasomaji wake katika vipande vinane. Alitaka kuwaonyesha watu wa Ulaya na Marekani kwamba lugha za vijijini zaweza kuwa na ufundi mkubwa kuliko Kiingereza katika mambo mengine. Nilipokisoma nilicheka peke yangu. Wakati kitabu hicho kinatoka, sisi vijana wa Kivunjo tulikuwa karibu kuanza sekondari, ambako tungevalishwa kibao shingoni kwa kosa la kuisema lugha hiyo hiyo.

Kwa nini tulikosea

Nataka sasa nieleze makosa yetu ya darasani, kwa maana kila kosa lilikuwa na mantiki yake. Wengi mtayakumbuka kutokana na wino mwekundu.

La kwanza ni la "kabla". Kiswahili husema, "Nitaondoka kabla hajafika." Twatumia ukanushi, na ni haki, kwa sababu wakati wa kuondoka kwangu yeye atakuwa bado hajafika. Mwanafunzi wa Himo anaandika, "before he has not arrived," anapata sifuri. Mwingereza haukanushi wakati huo. Kwake neno "before" limekwisha beba maana yote.

La pili ni la "unless", ambalo ndilo lililoniangusha mimi. Ukanushi wetu wa sharti umo ndani ya kitenzi: asipolipa, usipokuja, wasipochanga. Neno la Kiingereza limeumeza ukanushi huo. Ukiongeza "not" juu yake, umekanusha mara mbili na maana imegeuka.

La tatu ni la "ingawa". Katika mazungumzo yetu husemwa, "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja." Kiingereza hakikubali "although" na "but" wakae katika sentensi moja kwa kazi moja, chagua mmojawapo. Na hilo "ingawa" lenyewe, ukilichungua, ni kitenzi -wa kilichovaa viambishi: i-nga-wa. Hata kiunganishi chetu kilizaliwa ndani ya kitenzi.

La nne ni la -nge- na -ngali-. Twasema, "Ningalijua, ningalikuja." Pande zote mbili zavaa nguo moja, kwa sababu mambo yote mawili ni ya kudhania tu. Ndiyo sababu tuliandika, "If I would have known, I would have come." Katika Kiingereza sanifu "would" hukaa upande wa matokeo peke yake, na upande wa sharti husema "If I had known".

La tano ni la -ki-. "Akija, mwambie," yaweza kuwa na maana kwamba hakika atakuja, au kwamba huenda akaja. Mwingereza hutenganisha mambo hayo mawili kwa "when" na "if". Katika barua ya ofisi tofauti hiyo ni kubwa sana. Kumwambia mtu kwamba atalipwa fedha "zikifika" kwa maana ya "when" ni ahadi, na kwa maana ya "if" si ahadi.

La sita linatuhusu sisi wa Himo kuliko watu wengine, maana tulikaa jirani na mpaka wa Holili na kila siku ya soko tuliwaona wafanyabiashara wa Taveta. Neno mpaka ni mstari wa nchi na nchi, ni mwisho wa safari, tena ni mwisho wa wakati. Twasema, "Nilitembea mpaka Marangu," na, "Nilisubiri mpaka jioni." Ndugu yake "hadi", lililotoka katika Kiarabu, nalo asili yake ni ukomo. Basi tukaandika, "I walked until Marangu." Kiingereza hutumia "until" kwa wakati, kwa mahali husema "as far as", au "to" peke yake.

Vielezi vya neno moja navyo vilitusumbua. Sisi tuna njia nyingi za kuviunda: vizuri, kitoto, kwa makini, polepole, nyumbani, na vile viigizi vitamu kama nyeupe pe na nyeusi ti. Waingereza hutegemea sana kiambishi tamati "-ly", ambacho asili yake katika Kiingereza cha kale ni neno lenye maana ya mwili au umbo. Si mbali sana na ki- yetu ya kitoto na kiungwana, maana zote zasema "kwa namna ya". Mwalimu wetu angetuambia hivyo tungefurahi. Badala yake tulikariri kwamba ongeza "-ly" upate kielezi, ndipo mwenzetu mmoja akaandika "He works hardly" akitaka kumsifu baba yake kwa bidii ya kazi. Kumbe alikuwa amesema kwamba mzee hafanyi kazi ila kwa nadra! Baba yake, ambaye wengi mlimfahamu, alikuwa wa kwanza kufika shambani kila siku.

Njia iliyotufikisha hapo

Yafaa sasa niulize, kwa nini hapana aliyetueleza mambo haya darasani? Jibu liko katika historia ya lugha za shule mlimani kwetu.

Wamisioni wa Leipzig walipofika mwaka 1893 walifundisha kwa Kichaga. Serikali ya Wajerumani ilipendelea Kiswahili kwa makarani na maakida wake. Mwezi Machi 1916 majeshi ya Uingereza yalipigana na Wajerumani katika vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, mashariki ya Himo, yakasonga mbele na kuiteka Moshi. Kijerumani kikatoka, Kiingereza kikaingia. Wakulima wa kahawa walipoanzisha chama chao cha KNPA mwaka 1925, na baada yake KNCU mwaka 1933, kila mzazi aliona kwamba mtoto ajuaye Kiingereza ana faida. Wachache waliopata nafasi katika shule kama Old Moshi waliingia katika mfumo wa mitihani iliyotungwa Cambridge. Wazee wetu wa enzi hiyo walikaa na Kiingereza kwa miaka mingi kabla ya mtihani, na baadhi yao wangali wakikumbuka jinsi walivyochambua vishazi kwa majedwali yaliyopigwa rula.

Baada ya Uhuru, mwaka 1967, mwaka wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia madarasa yote ya shule za msingi. Ulikuwa uamuzi wa haki, na mimi ni mmoja wa waliofaidika nao. Hesabu na historia nilizielewa kwa sababu nilifundishwa kwa lugha niliyoijua. Lakini sekondari ilibaki katika Kiingereza. Mtoto akawa anavuka kidato cha kwanza kama mtu anayevuka mpaka usiku bila taa. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza mashuleni kwetu, wakakuta kwamba katika shule nyingi za sekondari wanafunzi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo Kiingereza kiliendelea, na kuanzia mwaka 1987 ukaja mradi wa msaada wa Uingereza wa kukiimarisha.

Sisi tulioingia kidato cha kwanza mwaka 1995 tulirithi hali hiyo. Kitabu cha Kiingereza kilifundisha "adverb" bila kutaja Kiswahili hata mara moja. Kitabu cha Kiswahili kilifundisha kielezi bila kutaja Kiingereza. Saa mbili asubuhi ilikuwa kipindi kimoja, saa nne kipindi kingine, na katikati yake hapana daraja. Mwalimu wa Kiingereza alitukataza kufikiri kwa Kiswahili, jambo ambalo hapana binadamu awezaye kulitii kwa kuamriwa. Simlaumu, maana naye alifundishwa hivyo hivyo, na alikuwa na wanafunzi wengi na chaki chache.

Ndugu zangu, naamini hapo ndipo palipokuwa na kosa. Hatukushindwa kwa sababu lugha yetu ni maskini wa vielezi. Tulishindwa kwa sababu hapana aliyetuambia kwamba tayari tunavyo, ila vyetu vimekaa ndani ya kitenzi na vya Mwingereza vimesimama kando. Mtu akiisha kuambiwa hivyo, atajua aangalie wapi: anapotoka Kiswahili kwenda Kiingereza, akitoe kile kipande kilichomo ndani ya kitenzi, akiweke nje, kisha ahakikishe hakukiacha kingine ndani kwa bahati mbaya. Mimi katika ile rasimu niliutoa ukanushi nje kwa "unless", nikauacha na ndani vile vile.

Njia sasa inakwenda upande wa pili

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya wanafunzi, sisi tumekwisha maliza shule. La hasha. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Sheria nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kazi ya kuzitafsiri ikawa kubwa. Na sheria, ndugu zangu, hujaa vishazi elezi kuliko maandishi mengine yote: endapo, isipokuwa, mradi, kabla, bila kujali. Haki ya mtu hukaa katika kishazi.

Nimewahi kuona rasimu ya tafsiri iliyosema, "Leseni haitatolewa isipokuwa ada isipolipwa." Aliyetafsiri aliona "unless" akaandika isipokuwa, kisha Kiswahili chake kikamsukuma aseme na isipolipwa. Ni kosa langu lile lile la mwaka 2009, ila limegeuza uso. Ilitosha kusema, "Leseni haitatolewa ada isipolipwa." Kosa lilisahihishwa mapema safari hii, kwa kuwa mwenye kuisoma rasimu alikuwa amewahi kuulizwa swali na mzee mmoja wa kijijini.

Basi nina ombi moja kwa wenzangu. Kila tunapokutana huchangia madawati, rangi na mabati, na ni vema. Lakini miongoni mwetu wamo walimu, mahakimu, wanahabari na watumishi wa serikali ambao kila siku hupita kati ya lugha hizi mbili. Napendekeza kwamba siku ya mkutano, kabla ya chakula, wanne au watano kati yetu tupite madarasani, kila mmoja awaeleze wadogo zetu kosa moja tu la lugha lililowahi kumgharimu kazini, na sababu yake. Tusione haya. Mimi nitajitolea kuwa wa kwanza, na nitaandika ubaoni sentensi yangu ya mabomba kama nilivyoiandika.

Yule mzee mwenyekiti amekwisha fariki dunia, Mungu amlaze pema. Bomba la kijiji chake linatoa maji. Nilipita huko mwaka jana nikitoka Taveta, nikasimama kunywa, na kijana aliyekuwa akichota akanikaribisha bila kunijua mimi ni nani.

Nawatakieni nyote mkutano mwema na safari njema ya kurudi nyumbani Himo.

Wenu katika undugu wa shule,

Mhitimu wa mwaka 1998